Daftari la Kupaa na Kutua

Inspekta hakuweza kuandika kitu bila kupiga mistari kwanza. Alitembea na rula ya mbao kwenye mkoba, na kabla ya kumhoji mtu aliitoa, akapiga mistari yake taratibu, huku anayehojiwa akitokwa jasho kabla hajaulizwa lolote. Kituo kizima kilimwita Rula. Mwanzoni walimwita kwa kificho, baadaye mbele ya macho yake, na mwenyewe akaacha kununa. Mama wa watu alibakiza miaka miwili astaafu, angewanunia wangapi?

Jumapili hiyo mvua ilipiga bati tangu alfajiri. Rula alikaa ofisini peke yake na karatasi ambayo Ijumaa aliisoma, akaikubali na kuitia saini. Leo ilikuwa inamkera na hakujua kwa nini.

Ilichapishwa kutoka kwenye mtandao. Juu paliandikwa majina ya viwanja viwili vya ndege, cha huku na cha ng'ambo. Chini yake: umbali, kilomita elfu tisa na mia mbili, muda wa kuruka, masaa kumi na moja na dakika ishirini. Pembeni konstebo alijumlisha kwa kalamu. Ndege imeondoka saa moja na dakika ishirini asubuhi kwa saa za huku, imetua saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni. Akapiga mstari, akaandika IMETHIBITISHWA kwa herufi kubwa.

Kilichothibitishwa ni kwamba mwana mkubwa wa Fundi Miwani alikuwa angani wakati baba yake anauawa.

Fundi Miwani alikutwa Alhamisi, saa nne kasoro asubuhi, chini ya mashine yake ya kusagia vioo kwenye karakana nyuma ya nyumba. Kichwa kiligonga kona ya chuma. Daktari alikuta michubuko miwili kifuani, ya viganja vya mtu aliyemsukuma kwa nguvu. Alikuwa amekufa tangu kama saa tatu. Mashine ilikuwa bado inazunguka, na lango la nyuma limefungwa kwa ufunguo. Nyumbani walikuwemo watu wawili tu: mkewe, ambaye miguu haimsaidii, na binti yao wa mwisho, Kitinda, aliyekutwa amempakata baba yake, damu mpaka kwenye viwiko. Jirani akasema Jumanne aliwasikia wawili hao wakigombana juu ya karatasi za nyumba. Rula hakuhitaji zaidi. Alhamisi saa kumi na moja jioni alimchukua Kitinda mwenyewe, kwa mkono wake. Jumamosi Fundi Miwani akazikwa bila binti yake. Kesho saa mbili asubuhi binti huyo alikuwa anapelekwa mahakamani, na kutoka hapo rumande. Na kesho hiyohiyo jioni kaka yake alikuwa anapanda ndege kurudi kwake.

Rula akamwita konstebo. Konstebo alikuwa mtu mzima, vyeo vitatu vilishampita akiwa anavitazama, na alikuja na kikombe chake cha chai.

"Hii hesabu umeitoa wapi?"

"Kwenye mtandao, afande. Unaandika kiwanja hiki, unaandika kile, inakupa."

"Inajuaje?"

"Inajua tu."

"Inajuaje, mzee wangu?"

Konstebo akakuna shingo. "Nadhani inapima umbali ulionyooka, inagawa kwa mwendo wa ndege, halafu inaongeza kidogo ya kupaa na kutua."

"Ndege ipi? Siku gani? Hali ya hewa gani?"

"Afande, ndege ni ndege."

"Mimi kutoka kwangu mpaka hapa ni dakika arobaini. Jana nimetumia hamsini na tano, leo thelathini. Gari lilelile, barabara ileile. Huyu kijana katembea kilomita elfu tisa na hajapishana na karatasi yako hata dakika moja. Hilo halikukusumbua?"

"Lilinifurahisha," alisema konstebo. "Kwa mara ya kwanza hesabu yangu ilitoka sawa."

"Uhamiaji wamejibu?"

"Rekodi za abiria zinataka barua ya mkurugenzi wao, na mkurugenzi hayupo mpaka Jumanne. Paspoti yake nimeiona, lakini siku hizi wenyeji wanapita kwenye mashine. Hakuna muhuri. Tiketi nimeiona kwenye simu yake, ya Alhamisi, kuondoka saa kumi na moja alfajiri kwa saa zetu. Ndege ikachelewa kuondoka masaa mawili na dakika ishirini. Nilipiga simu kuuliza, kweli ilichelewa."

Jumanne ni mbali kwa mtu anayepelekwa mahakamani Jumatatu. Rula akatia rula mkobani, akashuka mahabusu.

Kitinda alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, nguo ileile ya Alhamisi. Hakuinuka. Alimwangalia Rula kwa macho ya mtu ambaye amelia mpaka akachoka kulia.

"Shikamoo," alisema, kwa sababu alilelewa hivyo.

"Marahaba. Jumanne mligombania nini na baba?"

"Nimeshasema Alhamisi. Nikasema Ijumaa."

"Sema na leo."

"Baba alitaka twende ofisi ya ardhi, nyumba iandikwe jina langu. Mimi ndiye ninayekaa nao, ninayewauguza. Nikamwambia asisaini, kaka atachukia. Jirani kasikia 'usisaini,' mkanifunga."

"Kaka yako alijua?"

"Baba hafichi kitu. Alimpigia simu siku ileile." Kitinda akageukia mlango. "Mama amekula?"

"Sijui."

"Basi hajala. Mama hali chakula mtu wake akiwa njiani mpaka afike. Kaka akipanda ndege, mama anafunga mdomo mpaka atue. Hata maji. Anakaa sebuleni, anamwombea, anaandika kwenye daftari lake. Alhamisi alikuwa kwenye hilo, ndiyo maana hakuja hata jikoni. Sasa nadhani ananihesabia mimi."

"Daftari lipi?"

"La kaka," alisema Kitinda. "Mimi sijawahi kwenda popote."

Rula alitoka pale amekereka zaidi, safari hii akijua sababu. Karatasi ya mtandao na maneno ya kijana vilikuwa vimelingana mno, na hajawahi kuona mambo mawili ya kweli yakilingana hivyo.

Nyumba ya Fundi Miwani bado ilikuwa na viti vya kukodi uani, vimelowa, hakuna wa kuvirudisha. Mama mwenye nyumba alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha la mbele. Mezani kulikuwa na sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine, haijaguswa. Alimkaribisha Rula bila kinyongo, jambo lililomuumiza Rula kuliko matusi.

"Karibu, mwanangu. Binti yangu hajambo?"

"Hajambo, mama. Ameniuliza kama umekula."

"Nitakula akirudi." Akasema hivyo kama anavyosema mtu kuwa atafua nguo jua likitoka. "Mwanangu mkubwa hayupo, ameenda kuthibitisha safari yake ya kesho. Ulimtaka yeye?"

"Nakutaka wewe. Nasikia una daftari."

Mama akacheka kidogo, kwa aibu. Akaingiza mkono chini ya mto wa kiti, akatoa daftari la shule, jalada limechakaa, pembe zimeviringika. "Watoto wananicheka. Marehemu alikuwa ananiambia mimi ndiye rubani msaidizi."

Lilikuwa limepigwa mistari kwa mkono, wima na iliyonyooka, na Rula akampenda mama yule hapohapo. Tarehe. Kufunga milango. Kugusa chini. Jumla. Mwana wake akipanda ndege alikuwa anampigia simu pale wanapofunga milango, na akitua anampigia magurudumu yakishagusa chini. Miaka kumi na minne. Safari kumi na tatu za kuja, kumi na mbili za kurudi.

"Saa hizi ni za wapi, mama? Za huku au za huko?"

"Za huku. Za huko zinanihusu nini? Njaa yangu iko huku."

Rula akavuta kiti. Akatoa rula yake, akaiweka chini ya safari ya kwanza ya kuja, akasoma, akaishusha mstari mmoja mmoja. Masaa kumi na dakika tisa. Kumi na dakika ishirini na mbili. Kumi na dakika mbili. Kumi na dakika thelathini na moja, na pembeni mama aliandika, walizunguka wakisubiri nafasi. Safari kumi na mbili, hata moja haikufika masaa kumi na moja.

Akahamia upande wa kurudi. Kumi na moja na dakika arobaini na tano. Kumi na mbili na dakika tano. Kumi na moja na dakika hamsini.

"Mbona kurudi ni kurefu? Njia si ileile?"

"Upepo," alisema mama. "Huko juu kuna upepo mkubwa unavuma kuja upande wetu. Akija unamsukuma, akienda unamzuia. Mimi nilidhani marubani wanamcheleweshea makusudi kwa sababu hataki kuondoka. Marehemu akanichorea kwenye karatasi, nikaelewa."

Kwa hiyo mtandao ulikuwa umegawa kilomita kwa mwendo mmoja, haukuuliza upepo, ukatoa jibu lililokaa katikati. Si la kuja, si la kurudi. Jibu la ndege ambayo haijapaa.

Mstari wa mwisho ulikuwa wa Alhamisi. Kufunga milango, saa moja na dakika ishirini asubuhi. Kugusa chini, saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni. Jumla, masaa kumi na moja na dakika ishirini. Pembeni mama aliandika maneno mawili: upepo umegoma.

"Hii ilikushangaza?"

"Ilinitia hofu. Ilipofika saa kumi na moja na nusu jioni hajapiga, nikajua kuna jambo. Wakati huo watu wamejaa uani, mume wangu yuko kwa daktari, mmekuja kumchukua Kitinda, na mimi namhesabia na wa tatu. Nikasema Mungu, usinichukulie wote siku moja." Akapangusa macho kwa ncha ya kanga. "Alipopiga nikashukuru. Ulikuwa upepo tu."

Rula akalifunga daftari. Akauliza la kazi.

"Lango la nyuma lina funguo ngapi?"

"Tatu. Mmoja wa marehemu, mmoja wa Kitinda, na mmoja mwanangu anao tangu alipokuwa anasoma. Hakutaka kuuacha. Alisema mtu lazima awe na ufunguo wa kwao."

"Naomba uniazime daftari, mama. Nitalirudisha leo."

Mama akaliangalia daftari, akamwangalia Rula. Alikuwa mzee, hakuwa mjinga. Lakini alilitoa.

Uwanja wa ndege ulikuwa na watu wachache waliolala kwenye mizigo yao. Rula hakwenda uhamiaji kubembeleza. Alikwenda chini ya mnara, kwenye chumba cha waongoza ndege, ambako kitabu cha kutua hakitaki barua ya mkurugenzi wala baraka za mtu. Mwongoza ndege wa zamu alikuwa mtu mwembamba mwenye macho mekundu, aliyezungumza akiwa ameshika vifaa vya kusikilizia shingoni.

"Alhamisi. Ile ya moja kwa moja kutoka ng'ambo," alisema Rula.

Akashusha kidole kwenye ukurasa. "Ilichelewa kuondoka. Imegusa chini saa kumi na moja na dakika thelathini na nne."

"Una hakika si kumi na mbili na dakika arobaini?"

"Mama, mimi ndiye niliyeishusha. Kumi na mbili na dakika arobaini ilikuwa imeshaoshwa vioo."

Rula akapiga hesabu kwenye daftari lake mwenyewe. Masaa kumi na dakika kumi na nne. Palepale zilipokuwa safari zote za kuja alizoandika mama. Aliyekaa mbele ya dirisha bila kula wala kunywa alijua urefu wa njia ile kuliko mtandao, kuliko konstebo, kuliko hata kijana mwenyewe aliyekuwa analala tangu kupaa mpaka kutua.

"Na hali ya hewa? Mnaandika?"

"Tunaandika kila kitu. Kutua, kavu, jua la jioni, rubani amelalamika linamchoma macho. Mvua imeanza saa kumi na mbili na dakika kumi. Kubwa."

"Naomba nakala, na saini yako."

"Kuna mtu ameumia?" aliuliza mwongoza ndege, kalamu mkononi.

"Ndiyo," alisema Rula. "Lakini si kwenye ndege."

Alipofika tena kwa Fundi Miwani ilikuwa inakaribia saa tisa alasiri. Konstebo alimsubiri langoni. Mwana mkubwa alikuwa amerudi, amekaa sebuleni mkabala na mama yake, sanduku lake limesimamishwa ukutani tayari. Alikuwa mtu wa miaka arobaini, mpole, mwenye sauti ya chini. Aliinuka akampisha Rula kiti.

"Mama, naomba utupishe kidogo," alisema Rula.

"Miguu yangu unaijua. Ongeeni tu, mimi simo."

Rula akatoa rula, akatoa karatasi nyeupe. Akapiga mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kijana akaitazama kalamu inavyokwenda.

"Kesho unasafiri, sitakuchelewesha. Nafunga faili. Nieleze tu mlivyotua Alhamisi, kwa maneno yako, niandike."

"Nilishamweleza konstebo. Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika arobaini. Nilitazama saa."

"Magurudumu yalipogusa chini."

"Hapohapo. Nikampigia mama kabla hata ndege haijasimama."

"Giza lilikuwa limeingia?"

"Limeingia. Na mvua. Tulishuka kwa ngazi, tukalowa wote. Kuna mama mmoja na mtoto nilimfunika na koti langu."

"Vizuri. Na kabla ya Alhamisi ulikuwa wapi?"

"Kwangu. Kazini."

Rula akaandika mpaka mwisho, akaweka nukta. Kisha akaweka nakala ya kitabu cha mnara juu ya meza, akaiweka rula chini ya mstari aliotaka usomwe.

"Ndege yako ilitua saa kumi na moja na dakika thelathini na nne. Uwanja mkavu. Jua linamchoma rubani macho. Mvua unayoisema imeanza dakika thelathini na sita baadaye, abiria wameshatawanyika."

Kijana akasoma. Alisoma kwa muda mrefu kuliko ulivyostahili mstari mmoja.

"Basi nimechanganya. Nilisubiri mizigo saa nzima, ndiyo nikapiga simu baadaye."

"Mizigo inasubiriwa ndani, chini ya paa. Wewe ulilowa kwenye ngazi. Na kuna mama na mtoto na koti."

"Nilikuwa nimechoka, afande. Siku ile nimepokea habari ya baba..."

"Saa uliitazama kabla hujampigia mama; habari ya baba ulikuwa umeshaipata wapi? Simu ya ndani ya ndege?"

Rula hakupandisha sauti. Alimhurumia kidogo, na hilo nalo lilimkera.

"Nitakuambia ninavyoona, na wewe una haki ya kunyamaza. Tiketi yako ya Alhamisi uliirudisha nyuma kwa siku moja. Ulikuja Jumatano. Konstebo ulimwonyesha ile ya zamani iliyobaki kwenye simu. Alhamisi asubuhi uliangalia ndege, ukaona imechelewa, ukampigia mama kwa mtandao ukiwa hapahapa mjini, ukamwambia milango inafungwa. Mpaka hapo hukuwa umemgusa mtu. Ulitaka tu siku moja ya siri. Ndege ingeondoka kwa wakati, ungesoma saa ya kutua kwenye tiketi na mimi nisingekupata. Lakini ilichelewa, ikabidi uhesabu. Ungeongeza tu kile kilichochelewa kwenye tiketi ungepatia. Ila mtu mwenye hofu haamini kichwa chake. Uliiuliza simu, nayo ikakupa jibu lilelile ililompa konstebo wangu. Jioni ukasimama mahali ukisubiri saa kumi na mbili na dakika arobaini, mvua inakunyeshea, ukampigia mama kwamba umetua."

"Huna ushahidi kwamba nilikuja Jumatano."

"Uhamiaji watanipa Jumanne. Mpaka hapo paspoti yako nakaa nayo, na hiyo safari ya kesho haipo. Toa funguo zako."

Kijana akaziweka mezani. Ufunguo wa gari, wa nyumba, na mmoja mrefu wa zamani, wa lango, ambao kutu yake ilikuwa imekwanguliwa majuzi.

Mama akanyoosha mkono, si kwa funguo. Alinyoosha kwa daftari lake lililokuwa kwenye mapaja ya Rula, na Rula akampa. Akafungua ukurasa wa mwisho, akapitisha kidole kwenye safari zote za kuja, moja moja, mpaka Alhamisi.

"Siku ile," alisema mama, "nilikaa na njaa kwa ajili ya nani?"

Mwanawe akaangalia sakafu.

"Nakuuliza, baba. Saa tatu asubuhi nilikuwa hapa. Nilisikia mashine ya baba yako inalia muda mrefu, nikataka kuinuka nikaangalie. Nikasema hapana, mtoto wangu yuko juu ya maji, nikiacha kuomba ataanguka. Nikakaa. Nilikuwa namwombea nani?"

"Mama."

"Nijibu."

"Nilikuja kuongea naye tu," alisema kijana. "Nilitaka asisaini kabla sijaongea naye. Akaniambia nyumba ni ya anayekaa, si ya anayepiga simu. Akanipa mgongo akawasha mashine. Nikamgeuza. Nikamsukuma mara moja. Mara moja, mama."

"Ukafunga lango."

"Nikafunga lango."

"Dada yako yuko kwenye sakafu ya polisi siku ya tatu."

Mvua iliendelea uani kwenye viti vya watu. Rula aliandika yote kama yalivyosemwa, akasoma kwa sauti, na kijana akatia saini mahali alipoonyeshwa. Kisha Rula akamfunga pingu, akamgeukia konstebo.

"Nenda kituoni kamlete Kitinda. Dhamana natia saini mimi. Njoo naye mpaka hapa mlangoni, usimwachie barabarani."

"Na karatasi ya mahakama ya kesho?"

"Ichane. Na ile ya IMETHIBITISHWA uniachie mimi." Alijua ataibandika ukutani mbele ya meza yake, na saini yake ikiwa pale chini, mpaka siku ya kustaafu.

Walisubiri saa nzima na nusu, watatu. Mwana mkubwa hakujaribu kutoroka. Mara moja alinyoosha mikono yake yenye pingu kumrekebishia mama mto wa kiti, na mama akamwachia.

Kitinda aliingia amelowa. Alitazama pingu, akatazama uso wa kaka yake, akaelewa bila kuambiwa. Hakumtukana. Alikwenda kwa mama yake, akapiga magoti, na mama akamshika kichwa kwa mikono yote miwili, akakikagua kwanza upande huu kisha upande ule, kama anakagua kikombe kilichoanguka.

"Umefika," alisema mama.

"Nimefika. Kula sasa."

Kitinda akafunua sahani. Chakula kilikuwa kimepoa tangu mchana. Mama akala kijiko kimoja, cha pili, cha tatu, binti yake akimwangalia. Konstebo akamwinua mwana mkubwa kwa kumshika mkono. Walipofika mlangoni, mama akaweka kijiko chini.

"Afande. Huko mnakompeleka ni mwendo wa muda gani?"

Rula alisimama. Angeweza kusema chochote. "Kwa mvua hii, dakika thelathini na tano. Labda arobaini."

Mama akatazama saa ya ukutani. Akachukua kalamu, akalifungua daftari kwenye mstari mpya chini ya ule wa Alhamisi, akaandika tarehe, akaandika saa ya kuondoka. Safu ya pili akaiacha wazi. Kisha akachukua sahani ya juu, akafunika chakula.

"Mama, usifanye hivyo," alisema Kitinda. "Mwache. Huyo mwache."

Mama alikuwa ameshageuza uso dirishani.

Ndani ya gari vyombo vya kufutia kioo vilihangaika, barabara zilikuwa zimejaa maji, na kwenye mzunguko walikwama nyuma ya lori lililozimika. Kijana alikaa nyuma, pingu mapajani, akitazama nje. Rula aliangalia saa yake mara nne.

Walipofika, alimkabidhi kaunta, akahakikisha jina limeandikwa, akasubiri mpaka mlango wa chuma ukafungwa. Halafu akasogea pembeni, kwenye ukuta usiokuwa na mtu, akapiga simu.

Mama akapokea kabla mlio wa kwanza haujaisha. Hakusema haloo. Alisubiri tu, na Rula akasikia anavyopumua.

"Amefika, mama," alisema Rula. "Dakika arobaini na tisa. Barabara ilikuwa mbaya."

Kalamu ilikwaruza karatasi.

"Asante, mwanangu," alisema mama, na nyuma yake Rula akasikia sahani ya juu ikiwekwa mezani.